Ruhusa ya Mjomba Mkude

Nyumba yetu ya utotoni ilinuka ndizi mbivu. Bibi alizivundika nyuma ya kitanda, akazifunika majani makavu, na harufu yake ilinipanda puani mpaka nikaota ninakula. Tulikaa mlimani, juu ya Bigwa, mahali ambapo wakati wa masika ukungu huingia ndani bila hodi na nguo haikauki mpaka uivae. Mimi nilikuwa mtoto wa kuotaota. Nikiziona taa za Morogoro mjini kule chini, nilipanga kununua basi litakalopanda mpaka mlangoni kwetu, konda awe mdogo wangu Shabani, ambaye hata kutembea alikuwa bado anayumbayumba.

Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu anauza kitu. Kijijini palifunguliwa duka la dawa baridi, kichumba cha mabati, na klorokwini ilipatikana hata zahanati ya bondeni ikiishiwa. Mjomba Mkude, kaka mkubwa wa mama, naye aliacha jembe akaanza kupeleka mitumba Kisaki kwa lori. Tulimpenda sana kwa hilo, maana kila akirudi alituletea fulana zenye picha tusizozielewa. Ila kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Kumpeleka hospitali ya mjini kulisubiri neno lake. Zamani haikuwa shida. Mjomba yuko shambani, unamwita anaitika. Sasa yuko Kisaki, na neno lake amekwenda nalo.

Masika hayo Shabani alishikwa na homa. Mama alinunua klorokwini, akaisaga kwenye kijiko, akaichanganya na sukari, na Shabani akaitapika yote juu ya kanga yake. Akarudia, ikarudi. Bibi akatuma salamu Kisaki kwa mtu aliyekuwa anapanda lori la huko, tukakaa kumsubiri mjomba. Kesho yake asubuhi Shabani alikakamaa mwili mzima, macho yakageuka, povu likamtoka. Degedege. Bibi akaanza kumfukizia majani huku machozi yanamtiririka, akisema mtoto wa degedege akichomwa sindano ndiyo kwaheri, na hospitali ni sindano tu. Tena mwenye mtoto hajasema.

Mama alikuwa mpole. Sikuwahi kumsikia akimjibu bibi. Siku hiyo alijibu, tena kwa sauti ya chini kabisa.

“Mama, nikimpeleka, kaka atanigombeza mimi. Mtoto akifa humu ndani, atamgombeza nani?”

Bibi akayaweka majani chini. Baba, ambaye alikuja kwetu kwa kuoa na katika mambo ya ukoo hakuwa na usemi, ndiye aliyeinuka. Alichukua kanga, akamfunga Shabani mgongoni kwa mama, akalivuta fundo tena kuhakikisha.

Ilikuwa siku ya soko, njia imejaa kina mama wenye matenga kichwani. Jirani yetu Mama Zaina, mwanamke wa maneno mengi, alipoona mama anateleza kwenye tope, alitua tenga lake la ndizi pembeni akamchukua mtoto. Wenzake wakamuuliza, na ndizi je? Akasema wezi nao wana watoto nyumbani, waacheni wale. Wakaanza kupokezana, huyu akichoka yule anainamisha mgongo, na Mama Zaina akatangulia mbele kuwaondoa njiani wanaopanda: “Pisheni jamani, bwana harusi amechelewa.” Nilicheka huku nalia. Hata mama alicheka, na nadhani hicho kicheko ndicho kilichompa miguu.

Hospitali walimtundikia dripu ya kwinini. Mjomba alipofika, Shabani alikuwa ameshaanza kugombea uji. Alisimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi, uso umekunjamana. Mama akamwamkia shikamoo, hakuitikia. Shabani akamnyooshea mikono. Mjomba akamchukua, akakaa naye sakafuni, mtu mzima yule, akamshika kisogo.

“Mlinisubiri?” akauliza.

“Tulikusubiri, kaka.”

“Msinisubiri tena.”

Tuliporudi mlimani aliita ukoo, akatamka kwamba ruhusa ya kutibiwa ameshaitoa kwa watoto wote wa dada zake, hata ambao hawajazaliwa, na atakayemngoja ndiye atakayegombezwa. Bibi alinung’unika kwamba mambo hayaendi hivyo, kisha akamwekea firigisi. Baadaye wajomba wengine nao wakawa wanaitamka ruhusa hiyo siku mtoto anaponyolewa nywele za uzazi.

Siku hizi klorokwini haipo tena. Kitongojini kuna mhudumu wa afya, anatoboa kidole, kipimo kinajibu pale pale, na dawa ya mseto unapewa ukiwa umekaa. Akiishiwa, jambo ambalo bado linatokea na linaniuma, bodaboda zinafika karibu na kwetu. Na Shabani sasa ndiye mjomba. Masika yaliyopita binti yangu alichemka, nikampakia alfajiri bila kumwambia mtu, tukashuka. Shabani alipata habari akiwa kazini, akaja zahanati mbio, shati limechomoka kwenye suruali, na kabla hata ya salamu akaniuliza, “Dada, ameshakunywa dawa?”