Matetemeko ya Saa Nne

Nikiri mwenyewe kabla jirani hajanisemea: katikati ya miaka ya tisini, mimi, baba wa watoto watatu, mwenye cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha, nilirukaruka miezi minne katika stoo yangu ya mahindi, nimevaa gambuti, ili mtu mmoja afeli chuo kikuu.

Mtu mwenyewe ni bakule wangu, yaani tulitahiriwa pamoja. Kwetu Wakipsigis mtu kama huyo humnyimi chakula wala mahali pa kulala, hata akukosee namna gani. Tulisoma darasa moja pia. Yeye akaenda kusomea mawe na milima; mimi nikarudi Boito kwa majani chai ya mama. Mbali nilikowahi kufika ni Kaplong, na hiyo ni kwa sababu ya jino.

Siku moja akaja na mashine mbili za kupima matetemeko. Alikuwa anatafuta shahada ya pili, anataka kujua kama mlima wa Londiani, uliotapika moto zamani, bado unajigeuza usingizini. Mashine moja aliiweka Londiani, nyingine akaileta kwangu, ndani ya stoo: kopo linazunguka polepole, limevikwa karatasi, na kalamu nyembamba inachora mstari juu yake. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha karatasi kila asubuhi na kuandika tarehe. Nilijiona daktari.

Wiki hiyohiyo, tukingoja lori la majani kwenye kituo cha kupimia, mama mmoja akamwuliza kwa nini amechagua kwangu.

"Mama," akasema, "milima yote husogea kidogo kila mwaka. Huyu hapa ndiye mwamba pekee ambao haujasogea tangu tumalize shule. Kwake hakuna kitu hutokea."

Watu walicheka mpaka vikapu vikapinduka. Mke wangu naye akacheka, na hilo ndilo sikulisamehe. Kufika Jumapili, hata watoto kanisani walikuwa wananiita Mwamba.

Ati hakuna kitu hutokea? Basi kitatokea.

Kila siku saa nne, nikishapeleka maziwa, niliingia stoo, nikajitwika debe la mahindi niongeze uzito, nikaruka. Kalamu iliruka nami. Sijawahi kutiiwa hivyo na kitu chochote, hata ng'ombe. "Hii ni ya mwamba," nasema nikitua. "Hii ni ya kicheko cha mke wangu." Mke akiuliza kishindo ni cha nini, namwambia panya.

Mwisho wa mwezi bakule alipitia kuchukua karatasi, macho yakimmeta. "Kwako kuna kitu, bakule!"

"Si ulisema hakuna?"

Mwezi wa nne akazipeleka zote kwa profesa wake. Nilingoja kama mtu anayengoja arusi.

Alirudi amenywea. Profesa alizitandaza mbele ya wanafunzi wenzake, akauliza: "Londiani kimya, Boito inatetemeka saa nne kila siku isipokuwa Jumapili. Kwani hii ardhi imeokoka?" Ukumbi wote ukaangua kicheko. Karatasi zikatupwa. Akaambiwa arudie miezi minne, na akikosa tena, asahau shahada.

Sitaficha: nilisikia utamu kama wa mursik iliyoiva, yale maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni. Nilienda nyuma ya zizi, nikacheka peke yangu nikatosheka.

Niliporudi, nilimkuta anatandika godoro sebuleni.

"Safari hii nitakaa hapahapa nilinde mashine," akasema. "Shemeji ananiambia una panya wazito. Panya wa saa nne." Akaziangalia gambuti zangu, kisha akatandaza shuka. Nimfukuze bakule?

Akakaa. Akawa wa kwanza kupakuliwa nyama, akanywa mursik niliyokuwa nawekewa mimi, akakalia kiti changu. Nikakatazwa kupasua kuni karibu na stoo, kwa hiyo nikawa napasulia mtoni na kuzipandisha kilima mgongoni. Nikipita uani ananiita kwa upole, "Taratibu, bakule, usitikise dunia." Mke wangu anacheka upya.

Mwezi wake wa pili kwangu, mashine zote mbili zilichora mtikisiko uleule, siku ileile. Karatasi ya Londiani ilipoletwa, alipiga mbio akazunguka nyumba mara tatu, shahada imepona. Mimi wakati ardhi inatikisika nilikuwa mtoni na shoka. Tetemeko la kweli lilinipita na sikulisikia.

Siku hiyo nilikutana kilimani na mama jirani, nimejitwika kuni. Sikuweza kunyamaza, nikamweleza yote, tangu kituo cha majani mpaka godoro, nikamwomba anishauri nimlipe vipi tena huyu mtu. Akatua kikapu chake, akanitazama kuanzia gambuti kwenda juu.

"Hata kisasi inataka masomo, baba," akasema, "na wewe uliishia fomu foo."