Kitufe cha Mzee Ngassa

Violeth aliacha kuponda mawe ya dhahabu hapa Geita, akageuza chumba chake kuwa studio. Juzi Mzee Ngassa, manju wa ngoma ya Bagika, alikuja kusikiliza wimbo aliorekodi humo. Kwenye mashine mpya, vitufe vya sauti huteleza juu na chini vyenyewe, jinsi Violeth alivyovipangia kwenye kompyuta. Ngoma zilipoanza kuvuma, kitufe cha sauti ya Ngassa kikashuka taratibu.

Mzee akakidaka.

"Bagalu hao!" alifoka.

Bagalu ni mahasimu wao wa mashindano, na mtu asikudanganye, kwa dawa hawajambo.

"Kiachie, baba, utaniharibia mashine! Hakuna Bagalu hapa. Nimekishusha mimi mwenyewe."

Ngassa alimkazia macho, kitufe bado kakibana.

"Kumbe ni wewe! Wamekupa nini?"