Fundi wa Meru anayefundishwa Kijapani na magari ya wateja

Saa moja na robo asubuhi, Alhamisi. Salesio Mugendi amejifungia ndani ya gari la mteja katika gereji moja ya Makutano, mjini Meru. Vioo vyote vimepandishwa. Anageuza ufunguo, taa za dashibodi zinawaka na sauti ya mwanamke inasema jambo kwa Kijapani. Salesio anaandika mbio mbio kwenye daftari lililojaa grisi, anazima gari, anawasha tena.

Mwenye gari anagonga kioo. Ni Faiza Hersi, mfanyabiashara wa nguo kutoka Maua, na subira imemwishia.

"Fundi! Gari nimeleta alteneta, sikuleta kuongea!"

"Mara moja tu, Mama Ayan. Kuna neno moja imenipita."

Faiza ananitazama na kutikisa kichwa. "Watu wanalipa huyo mama wa gari anyamazishwe. Huyu anamwambia arudie."

Msomaji asidhani fundi amerukwa na akili. Jumapili hii atakaa Nairobi kufanya mtihani wa Kijapani wa ngazi ya chini kabisa. Kampuni moja ya huko imemwekea nafasi ya kwenda Japani miaka mitatu kufunzwa ufundi wa magari, kwa sharti kwamba apite. Nafasi hiyo imeshaahirishwa mara moja kwa ajili yake, na ameambiwa haitaahirishwa tena.

Desemba iliyopita alianguka, na alianguka vibaya kwa namna inayouma. Alipata alama 88 kati ya 180, wakati 80 zingemtosha. Lakini sehemu ya kusikiliza ina kiwango chake cha chini, alama 19, na yeye alipata 14.

"Karatasi nilikuwa nimeiweza," anasema, akifuta mikono kwa kitambaa. "Ikafika pale pa kusikiliza. Watu wanaandika, mimi naangalia spika tu. Nilijua hayo maneno kwa macho. Yakitoka mdomoni sikuyajua."

Salesio ana miaka 33. Alizaliwa Kanyakine, kwa wakulima wa kahawa, na amekuwa fundi wa umeme wa magari kwa miaka kumi na mmoja. Kijapani kilimjia kwa ajali. Miaka mitatu iliyopita alishika waya wa rangi ya machungwa katika gari lenye betri kubwa, bila glavu, na umeme ukamtupa chini. Kibandiko cha onyo kilikuwa karibu na mkono wake, kwa Kijapani.

"Niliangushwa na kitu kilikuwa kimeandikwa," anasema. "Hiyo ndiyo ilinichoma roho kuliko umeme wenyewe."

Alipopata nafuu alikipiga picha kibandiko kile, akaanza kulinganisha herufi moja moja na zile za kwenye simu. Hakuwa na mwalimu wala darasa. Kijapani kina maandishi ya aina tatu, na wanaoanza kwa kawaida huanza na yale wanayofundishwa watoto. Salesio aliruka hayo. Alianza na yale yanayotumiwa kuandika maneno ya kigeni, kwa kuwa ndiyo yamejaa kwenye magari. Akakuta breki ni bureeki, injini ni enjin, tairi ni taiya.

"Nikaambia Gitari, mwenye gereji, hawa watu ni wetu kabisa!"

Herufi hizo 46 alizimaliza kwa wiki tatu, akajiona amefika. Aliponunua kitabu cha mtihani ndipo alipogundua kwamba hakuweza kusoma hata ukurasa wa kwanza. Ikambidi arudi kwenye yale ya watoto, mistari kumi kila asubuhi kabla ya kushika spana.

Jambo lililomkera zaidi alilikumbuka baada ya kuanguka mtihani. Kwa miaka yote hiyo, kazi ndogo aliyoombwa mara nyingi na wateja ilikuwa kukata waya wa spika, gari liache kuwasemesha Kijapani. Hakumjua Mjapani hata mmoja Meru nzima, na sauti chache zilizokuwepo alizizima kwa mkono wake mwenyewe. Siku hizi anasikiliza kwanza, ndipo akate.

Saa kumi na mbili jioni tuko nyumbani kwake. Mkewe Karwirwa, ambaye ni msusi, anapukucha maharagwe huku simu ameificha ndani ya leso. Anaificha kwa sababu Salesio akiiona huanza kusoma maandishi badala ya kusikiliza. Tena si mara ya kwanza macho ya huyu bwana kuleta shida nyumbani: matokeo ya mtihani wa mwaka jana alikuwa ameyaona mtandaoni, akamdanganya mkewe miezi miwili kwamba hayajatoka.

"Niliona haya," Salesio anasema, na haniangalii.

Karwirwa anabonyeza. Mwanamke na mwanamume wanazungumza haraka. Swali linataka kujua mwanamume anatumwa dukani kununua nini.

"Maziwa!" Salesio anaruka.

"Sio maziwa, Baba Kiunga."

Karwirwa anabonyeza tena. Salesio anafumba macho, jasho limemtoka puani. "Ni maziwa. Nimesikia maziwa, wewe!"

"Ni mayai," Karwirwa anasema, bado anapukucha.

Salesio ananyakua kitabu na kufungua nyuma. Ni mayai. Mkewe hajawahi kushika kalamu ya Kijapani, lakini mwaka mzima wa kubonyeza simu umemwachia maneno yote ya jikoni.

"Umejuaje?"

"Huyo dada alitaja maziwa, halafu akaguna kidogo, akasema ingine. Mtu akibadilisha nia anasikika. Wewe unashika neno la kwanza unakimbia nalo. Hata magari ndivyo unafanyanga. Ukipata fyuzi imekufa huangalii mbele."

Salesio anatoka nje na kuubamiza mlango. Najuta kuwa nimekaa pale. Dakika kumi baadaye anarudi, anakaa chini, anaziba mdomo kwa kiganja. "Weka ingine."

Haondoi kiganja mpaka sauti zinyamaze. Kati ya maswali sita, anapata manne. Anayarudia mawili aliyokosa, kisha anamwomba mkewe aweke mengine sita.

Mpango wake anao kichwani: akirudi kutoka Japani atafungua gereji ya magari ya betri kubwa kule Kanyakine, na kila kibandiko atakitafsiri kwa Kiswahili, fundi mwingine asitupwe chini. "Nikikosa Jumapili, sijui," anasema. "Hapo sijafikiria. Naogopa kufikiria."

Karwirwa ananisindikiza hadi langoni. Namuuliza kama anajua kwamba kila swali mumewe analopata linampeleka mbali naye miaka mitatu. Anacheka, kisha anajifuta macho kwa pindo la leso.

"Najua. Akipita nitalia, akianguka nitalia," anasema. "Afadhali nilie ya kupita."