Mawe Mawili Mbele ya Duka

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ambayo sijaisahau, hata leo na mvi zangu hizi.

Ilikuwa wakati wa vita vya Kagera. Tulikaa kambi ya mkonge, upande wa Mwera. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda vitani. Sisi tuliobaki tulikuwa na duka moja tu, na ubavuni mwake ukumbi wa starehe wa wafanyakazi. Sukari ilikuwa adimu kama nini! Ukisikia imekuja, unawahi kuweka jiwe lako kwenye foleni. Jiwe ndilo wewe. Lakini mlango ukifunguliwa, sharti awepo wa kulisemea.

Siku hiyo niliweka mawe mawili, langu na la jirani yetu Mama Elia, Msambaa ambaye mumewe alikuwa vitani. Mwanawe mchanga alikuwa akiharisha, na zahanati walimwambia amnyweshe maji ya chumvi na sukari. "Nishikie nafasi, mdogo wangu," aliniambia. "Sina mwingine."

"Usiwe na wasiwasi, dada."

Lo, mimi na ujana wangu! Mara bendi kutoka mjini ikaanza kupiga ukumbini. Nikasema nachungulia tu. Wimbo mmoja ukazaa wa pili, na kiuno nacho hakijui vita. Niliporudi, mlango umefungwa, sukari imekwisha, mawe yangu yamepigwa teke mtaroni.

Nikakimbilia kwa bibi yangu nikilia, nikamwomba anifichie siri. Hakunipiga. Alinipa kikombe.

"Pita nyumba kwa nyumba uombe sukari. Na kila mlango useme ulikuwa wapi."

"Bibi, nitaaibika!"

"Mficha uchi hazai. Nenda, mtoto anakauka."

Nikapita. "Hodi. Nilikuwa nacheza muziki, sukari ya mgonjwa ikanipita." Wapo walionisonya, na mmoja alinifungia mlango. Ila wengi walichota, huyu kijiko, yule nusu. Haba na haba. Njia nzima nilitega sikio, nikihofu kusikia kilio kutoka kwa Mama Elia. Nilimkuta amempakata mwanawe, macho yamemdidimia mtoto yule, midomo mikavu. Nikasema tena nilikokuwa. Alikipokea kikombe. Alikoroga maji, akaanza kumnywesha kidogo kidogo. Hata alasiri mtoto akakojoa, dalili kwamba maji yamemwingia, na sote wawili tukalia kwa furaha.

Jumamosi iliyofuata sukari ikaja tena. Mama Elia akanijia, nikadhani anakuja kunisuta.

"Nishikie nafasi," akasema. Basi.

Nilisimama juani mpaka miguu ikafa ganzi. Bendi ilipiga, sikugeuza shingo.

Mwanangu, starehe sikukatazi. Mie mwenyewe nilirudi kucheza, tena sana. Lakini mtu akikwambia nishikie, shika wewe na mwili wako, usiliachie jiwe. Na ukikosea, nenda kaseme mwenyewe kabla hujasemewa. Mungu akupe miguu ya kusimama, na siku utakayoteleza, akupe mtu wa kukuamini mara ya pili. Amina.