Barua za bwana ya Madame

Madame niliyemutunza kule Koekelberg, mutaa wa Brussels, hakuolewa maisha yake yote. Alichokuwa nacho ni barua za babu yake, ofisa wa jeshi la Waingereza, aliyeoa binti wa Brussels, akaenda kambini, akawa anamuandikia muke wake kwa Kifaransa. Mimi shule niliiacha mapema, lakini masikio yangu ni mazima. Nikipiga pasi, Madame ananisomea. Mvua. Matope. Farasi anaumwa tumbo. Soksi zimeoza. Kurasa nne, na kuuliza kama muke amekula, hapana.

"Alikuwa na haya," Madame alimutetea.

Siku moja akaniambia neveu yake, mutoto wa ndugu yake, atakuja Jumamosi kuzichukua barua, akaziuze. Hakulia. Alikunja moja, akaikunjua, akaikunja tena. "Yeye ndiye mwanaume wa familia. Nitasema nini?"

Nikasimamisha pasi. "Madame, kwetu Bukavu babu ni bwana ya mujukuu wake wa kike. Mujukuu wangu wa Berchem, mutoto anayeshinda darasa lake lote kwa akili, mimi ni muke wake. Nikimunyima biskuti ananitisha ataoa mwingine. Donc huyo ofisa ni bwana yako. Nani anauza barua za bwana ya muntu?"

Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Nikafikiri yameisha.

Jumamosi neveu akaja na mukoba mukubwa. Madame alikaa wima, barua mapajani. "Siwezi kukupa. Ni za bwana yangu."

Neveu akanivuta jikoni. "Akili imeanza kumutoka lini? Bon, nitamutafutia nafasi kwa nyumba ya wazee."

Basi mudomo wangu ulikuwa unamufukuzisha Madame nyumbani kwake. Nikamurudisha neveu salon kwa Madame, nikamueleza desturi yote, tangu babu mpaka biskuti. Sikucheka. Si jambo la kuchekea.

Akamugeukia Madame. "Na wewe unaamini hayo?"

"Hapana," Madame akasema. "Lakini hakuna mwingine aliyenioa."

Neveu akaangalia barua. Akanywa kahawa yake, imekwisha kupoa. Mulangoni akaniuliza kama kwetu ndoa ya namna hiyo inavunjika.

"Inavunjika, baba. Lakini ng'ombe za mahari zinarudishwa, na mwanaume wa familia ndiye anazirudisha."

Akaenda na mukoba wake mutupu.

Jumatatu nikawasha pasi. Madame akavaa miwani. Mvua tena.