Simu ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani wa chumba cha pili ana sauti ndogo, na akikupima huomba radhi kila anapokugusa bega. Simu yake ikiita, huifunika kwa kitambaa, kisha hukanyaga cherehani kwa nguvu mpaka mlio umezwe. Mpigaji ni bwana mmoja aliyemposa dada huyu akakataliwa. Hatukani wala hatishii. Huuliza tu leo amevaa nini. Juzi, nikiwa nimeketi hapo kungoja gauni langu, alikuja askari kupunguziwa urefu wa suruali ya sare. Fundi alipiga magoti, akaanza kumkunjia pindo la mguu mmoja, kisha akauliza bila kuinua kichwa:

“Afande, mtu akikupigia kutwa nzima bila kukutukana, ni kosa?”

“Umeshamwambia aache?”

“Naona haya.”

“Mwambie wazi. Akiendelea baada ya hapo, anakusumbua makusudi, na sheria itamuuliza.”

Simu ikaita. Fundi akapokea. “Samahani, kaka,” akasema, nami nikafumba macho. “Usinipigie tena. Sitaki.” Akakata. Kabla hajaiweka mezani, ikaita tena.

Askari akaitazama. “Haya, dada, twende kituoni ukaandikishe.”

Wakatoka, fundi mbele, afande nyuma, mguu mmoja wa suruali mfupi kuliko mwenzake.