Keki Iliyobebwa kwa Mlango

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipoacha kazi ya kupiga chapa Moshi na kuhamia Nairobi kuoka mikate. Nikisimulia hivyo siku hizi watu hucheka, nami hucheka nao. Wakati ule nyumbani kwetu hakucheka mtu.

Chanzo kilikuwa safari ya kwaya. Parokia yetu ilialikwa Kawangware kwa siku tatu, tukalazwa majumbani mwa waumini. Asubuhi ya pili niliamka mapema, nikasimama mlangoni na kikombe changu cha chai. Barabara ilijaa watu wakienda kazini kwa miguu: mafundi na mifuko yao ya vifaa, wasichana wa kazi za nyumbani, wanaume waliovaa makoti mazito juu ya ovaroli. Hakuna aliyekuwa anatafuna chochote. Nami nilijua kuoka. Masista wa misheni walinifundisha nikiwa mdogo, na kila Jumapili nilioka kwa furaha ambayo mashine ya chapa haikuwahi kunipa. Nikawatazama wale watu, na moyo ukaniambia: ni hapa. Sikusikia sauti, wala sikuota. Nilijua tu, kama unavyojua kwamba una njaa.

"Una kiti chenye mgongo na mshahara kila mwezi," mama aliniambia niliporudi. "Unaenda kutafuta nini kwenye nchi ya watu?"

"Mkate, mama."

Alininunia wiki nzima. Mwishowe alinibariki kwenye kituo cha basi, haraka haraka, dereva akipiga honi.

Kawangware sikupata chumba. Nilichopata kilikuwa Kibera, Kambi Muru, ukuta mmoja na fundi seremala kutoka Kitui na mkewe. Oveni sikuwa nayo. Nilioka kwenye sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kisha nikapeleka mikate Mashimoni, mtaa wa jirani, kwenye kioski cha maji, ambako wanawake walipanga foleni tangu alfajiri. Siku ya kwanza nilimwamkia mama mmoja mzee, "Shikamoo." Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Ati ushike nini?" akaniuliza. Kisha akaifungua leso iliyofunika beseni langu. "Wacha maneno mingi, leta tuonje."

Walionja. Kesho yake walikuja na watoto wao.

Mjomba wangu, karani aliyeishi Nairobi miaka mingi, alikuja kunitazama, akaona sufuria na moshi, akasikitika. Bila kuniambia akaanza kunitafutia kazi ya ofisi. Aliipata wiki ileile ambayo jirani yangu seremala aligonga mlango wangu.

"Dada, ndugu yangu mdogo anaoa Jumamosi ijayo, huko Kawangware. Unaweza tengeneza keki ya harusi? Ile ya ghorofa?"

Maishani mwangu nilikuwa nimeiona keki ya ghorofa mara mbili, zote kwa mbali.

"Ninaweza," nikasema.

Siku mbili baadaye mjomba akaja amevaa tai. "Jumatatu saa mbili asubuhi uwe ofisini. Wanataka mtu wa kupiga chapa, nimewaambia wewe ni hodari." Nilimshukuru kwa dhati, maana alikuwa amehangaika kwa ajili yangu. Lakini alipoondoka nilikumbuka siku zile nilipokuwa nikifunga mlango wa ofisi ya Moshi kwa ndani na kuhesabu saa. Nikaanza kuchekecha unga.

Keki ya kwanza ilibonyea katikati, tukaila na majirani. Ya pili iliiva vizuri, ya tatu vizuri zaidi. Seremala akachonga vijiguzo vinane vya kusimamishia ghorofa, akavipaka rangi nyeupe. Ijumaa jioni keki ilikuwa imesimama mezani kwangu, nyeupe pepe, na watoto wa ploti, ule ua wetu wa vyumba vya kupanga, wamejipanga dirishani kimya kama wako kanisani.

Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi njia yetu ilikuwa tope tupu, na hakuna gari ambalo lingeshuka hadi kwetu. Seremala alikuna kichwa, akaenda kwake, akarudi na bisibisi. Aliung'oa mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Na wezi je?" mkewe akauliza.

"Wataiba nini? Kitu ya maana yote itakuwa juu ya mlango."

Tukaweka keki juu ya mlango, tukaifunika kwa karatasi ya nailoni, wanawake wanne tukaubeba mabegani. Seremala alitangulia akipima tope kwa fimbo na kupaza sauti: "Kushoto! Polepole! Shimo!" Tulipofika relini gari moshi lilikuwa linakuja. Tukasimama, mlango mabegani, miguu imezama matopeni. Dereva akatuona, akapiga honi ndefu, na abiria wakachungulia madirishani wakishangilia na kupunga kofia. Mke wa seremala akaanza kucheka, sote tukaambukizwa, na keki ikatikisika hadi seremala akatukemea kama watoto. Siku ile, na tope magotini, sikuwa na shaka hata kidogo.

Tulifika Kawangware ghorofa zote tatu zikiwa zimesimama. Bibi yake bi harusi, kikongwe aliyemiliki ploti ile na zilizoizunguka, aliizunguka meza mara mbili. Kisha akachota sukari ya pembeni kwa kidole, akalamba.

"Nani amepika hii?"

"Ni huyu, cucu," seremala akasema, akimwita bibi kwa Kikuyu. "Ametoka Tanzania."

"Ametoka Tanzania akiibeba?"

Ua zima likacheka. Baada ya chakula aliniita, akanishika mkono. "Niko na chumba inaangalia barabara. Nyuma kuna nafasi ya kujenga oveni ya matofali. Enda ufikirie, mami."

"Nimeshafikiria," nikamjibu.

Jumatatu saa mbili nilikuwa mbele ya ile ofisi, ila nilikwenda kumkabili mjomba tu, aliyekuwa akinisubiri nje, nimwambie kazi siichukui. Alinisikiliza hadi mwisho. "Nitamwambia nini mama yako?" akauliza.

"Mwambie nimepata chumba kizuri."

Alitikisa kichwa, akaingia ndani kuwaombea radhi wenye kazi. Sitasahau wema ule.

Oveni ilichukua wiki tatu. Mikate ya kwanza iliungua chini na kubaki mbichi juu. Seremala akaja, akachungulia, akasema bomba la moshi ni fupi, akaliongeza. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nilifungua dirisha linalotazama barabara. Watu walikuwa wanapita kama kawaida, kimya, mikono mifukoni. Harufu ikawafikia. Mwanamume mmoja aliyevaa ovaroli akasimama, akarudi nyuma hatua mbili.

"Sasa, madam. Hiyo mkate ni moto?"

"Ni moto."

"Nipe nusu. Hapana, nipe yote."

Aliumega pale pale, mvuke ukamfuka usoni, akaondoka akitafuna.